Boksi la kusoma DNA ya mimea dawa nyumbani: nimelitumia miezi minne, haya ndo maoni yangu

Nianze na kilichonifanya nilinunue. Mi napenda mimea dawa, sina cheti cha botania wala famasia, nina vyungu dirishani na madaftari na swali moja limenikaa kichwani miaka mingi sasa: inakuwaje jani, kitu kisicho na ubongo kabisa, kinaingia mwilini mwangu kinabadilisha ninavyolala, ninavyoota, ninavyoiona siku? Chukua kafeini tu ambayo wote tunaijua. Ukiwa macho ubongo unakusanya adenosini taratibu, ile adenosini inakaa kwenye vipokezi vyake na ndo unaanza kusikia usingizi, sasa kafeini imefanana nayo umbo kiasi cha kuweza kukaa palepale bila kufanya kazi yake, usingizi unapiga hodi unakuta kiti kishakaliwa. Na mti wa kahawa na mti wa chai kila mmoja umejitafutia njia yake ya kutengeneza kafeini, hawakurithi kwa babu mmoja, hilo lilionekana vizuri mwaka 2014 jenomu ya kahawa, yaani DNA yake yote, ilipochapishwa. Mimi nikisoma kitu kama hicho silali, na sio sababu ya kahawa.

Kwahiyo nilipoona kuna boksi linakuwezesha kuchukua jani, kutoa DNA, kuizidisha na kujua mmea ni upi, halafu sehemu ya pili unaingiza jeni kwenye bakteria kwa mkono wako mwenyewe, nikasema hili ni langu. Maboksi ya namna hii yako mengi na yanafanana, kwahiyo nitakayosema hapa mengi yatakufaa hata ukichukua la wengine.

Ndani unakuta mashine ndogo ya PCR (ya kuzidisha DNA), sentrifuji ndogo ya kuzungusha vichupa vya mililita moja na nusu, pipeti mbili za kupimia matone, beseni la jeli lenye taa ya bluu chini (humo DNA iliyozidishwa inaonekana kama mstari), kemikali za reaksheni, na kijitabu. Vifaa ni vizuri, sina malalamiko. Pipeti nilizipima kwa mzani wa gramu ndogondogo nikaona zinatoa kile zinachosema, mashine ya PCR haipigi kelele, taa ya bluu ni nzuri kwa sababu hulazimiki kutumia mwanga wa ultravioleti wa kuunguza macho. Nyaya ni fupi. Basi.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Unakata kipande cha jani kama ukucha wa kidole kidogo, unaponda ndani ya maji ya kupasulia seli, unapasha moto, unazungusha, unachukua maji ya juu. Yale maji unayatia kwenye kichupa chenye praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia) na kimeng'enya, mashine inapanda nyuzi 95 kufungua DNA, inashuka 55 praima zishike, inapanda 72 kimeng'enya kijenge, mzunguko mmoja huo, unarudiwa mara 35. Kwa hesabu ya karatasi kipande kimoja kinakuwa zaidi ya bilioni 34. Kary Mullis alilifikiria hili 1983 na 1993 akapewa Nobel, ila mimi anayenigusa zaidi ni yule bakteria Thermus aquaticus aliyepatikana kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone miaka ya 1960, maana kimeng'enya chake ndo kinachovumilia zile nyuzi 95 bila kuharibika, bila yeye ungekuwa unaongeza kimeng'enya kipya kila mzunguko.

Kipande kinachozidishwa ni cha jeni ya rbcL, ile inayotengeneza sehemu kubwa ya kimeng'enya kinachokamata kaboni dayoksaidi kwenye jani. Kila mmea wa kijani unayo, kwahiyo praima zilezile zinashika karibu mimea yote, lakini herufi za DNA za katikati zinatofautiana kidogo jenasi hadi jenasi. 2009 wanasayansi wa mimea walikubaliana rbcL na matK ziwe ndo alama za kutambulishia mimea. Boksi hili limekupa rbcL peke yake, na hapo ndo kasoro yangu ya kwanza kubwa: rbcL inakupeleka vizuri hadi kwenye ukoo na mara nyingi jenasi, ila spishi ndugu inazichanganya. Praima za matK wangeziweka tu, ni vichupa viwili.

Sasa jambo ambalo kijitabu hakikusema na limenipotezea wiki mbili nzima. Mara ya kwanza niliweka majani matano tofauti, ya mimea dawa yote, na jani moja la mchicha kama la kulinganishia. Jeli ikatoka na mstari mmoja tu unaong'aa, wa mchicha, pale karibu na herufi 600 panapotakiwa. Mengine matano tupu. Nikarudia, tupu. Nikaongeza DNA nikidhani ni ndogo, tupu zaidi. Nikampigia dada yangu ambaye anafanya kazi maabara, nikamwambia dada nimeharibu kila kitu hapa, akacheka akasema mdogo wangu hujaharibu kitu, hayo majani yako ni makali, yana tanini, punguza DNA usiongeze, changanya sehemu moja na maji sehemu tisa. Nikafanya. Manne kati ya matano yakatoka.

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu kwangu hii ndo ilikuwa sehemu tamu kuliko zote. Zile kemikali zinazofanya jani liwe dawa, tanini, polifenoli, zile utelezi za sukari ndefu, ndo hizohizo zinazomshika kimeng'enya kwenye kichupa asifanye kazi. Mmea haukuzitengeneza kwa ajili yangu. Umezitengeneza ili kinachoutafuna kishindwe kumeng'enya, kimeng'enya cha kiwavi au kimeng'enya cha maabara kwake ni yaleyale. Nimesoma miaka mingi kwamba dawa za mimea asili yake ni ulinzi, nikakubali kichwani, ila kuona jeli tupu mara tatu na mstari unatokea ukishapunguza makali, hiyo imeingia sehemu nyingine kabisa. Kwahiyo ukinunua: anza na kupunguza mara kumi moja kwa moja, tumia jani changa badala ya kuukuu, na kama unaweza kupata kemikali inaitwa PVP tia kidogo wakati wa kuponda, inazikamata polifenoli. Kijitabu cha mimea DAWA kukosa sentensi hiyo ni kosa, na nimewaandikia.

Ukishapata mstari unatuma kichupa kwenye maabara ya kusoma herufi, hiyo ni huduma ya kando, boksi halihusiki, unasubiri siku kadhaa kisha unapata faili lenye milima ya rangi nne. Mwanzo wa faili herufi 30 au 40 huwa ni fujo, zikate. Zilizobaki unazipeleka GenBank, hazina ya DNA iliyo mtandaoni, kwenye kitafutio chao kinaitwa BLAST, bure kabisa, kinalinganisha na hazina yote.

Na sasa niseme kilichonipata, maana bila hiki nisingeandika marefu hivi. Nilikuwa na miche niliyouziwa kama Scutellaria lateriflora, mmea unaotumika sana kutuliza mawazo na kuleta usingizi. Kwa wiki sita nilikuwa nakunywa majani yake kila usiku kabla ya kulala, nikiandika daftarini nimelala saa ngapi, nimeota nini. Niliuweka kwenye majaribio ili kuthibitisha tu, sio kwa mashaka. Majibu yakarudi Teucrium. Nikadhani nimechanganya vichupa, nikarudia kwa jani jipya, Teucrium tena, na mechi ya pili na ya tatu zote Teucrium, Scutellaria iko mbali huko chini.

Kwa asiyejua: hii mimea miwili ni ukoo mmoja na mnanaa, shina la pembe nne, majani yanatazamana, kabla haijatoa maua mtu wa kawaida huwezi kuitenganisha, na kuchanganywa kwake ni jambo la miaka mingi kwenye biashara ya mitishamba. Tatizo ni kwamba Teucrium baadhi zinaharibu ini. Ufaransa ilizipiga marufuku dawa zenye Teucrium chamaedrys mwaka 1992 baada ya watu kuumwa homa ya ini, na walikuwa wanainywa kwa kupunguza uzito. Mi niliacha siku hiyohiyo, nikaenda kupima ini, namshukuru Mungu vipimo vilikuwa sawa. Muuzaji nilimwandikia kwa utaratibu nikamtumia faili, akajibu kwamba na yeye alinunua mbegu kwa mwingine. Namwamini. Hivyo ndivyo inavyokwenda, jina linaandikwa vibaya mahali fulani mwanzoni na kila mtu baada ya hapo analibeba kwa nia njema.

Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitokea kubwa zaidi. Wanawake waliokuwa wanatumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito walianza kufika hospitali figo zimekufa, wakiwa vijana, hadi wakafika zaidi ya mia moja, na baadhi baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kwenye vidonge ilitakiwa iwe Stephania tetrandra, kwa Kichina fangji, kilichoingia ni Aristolochia fangchi, guang fangji. Silabi moja. Nikikaa na daftari langu la ndoto nawafikiria wale kina mama, walifuata maelekezo yote sawasawa.

Kwahiyo kwa kazi hiyo moja, kukuambia jina, boksi hili nalipa nyota tano bila kusita. Ukiwa unakuza au unakausha majani mwenyewe, huna hakika ni nini, na unapanga kuweka mdomoni, fanya kipimo kwanza. Angalia pia maua yakitoka: Scutellaria ina kitu kama ngao ndogo mgongoni mwa kikombe cha ua, na ua la Teucrium ni kama limekatwa mdomo wa juu. DNA na macho zote mbili.

Ila msije mkalitwika boksi mzigo usio wake. Kwanza halifai kwa vidonge na dondoo za chupa. New York mwaka 2015 ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo ilipima virutubisho vya mitishamba madukani kwa njia hii ya DNA, ikasema vingi havina mmea ulioandikwa, wataalamu wengi wakapinga kwamba dondoo ikishapita kwenye joto na vimumunyisho DNA inakatikakatika au inaondoka kabisa, kukosa DNA hakumaanishi kukosa dawa. Mi mwenyewe nimejaribu dondoo ya kwenye chupa, nikapata sifuri, na sifuri ile haikuniambia chochote.

La pili ndo zito na hapa kijitabu kimenikera kweli. Kuna ukurasa umeandikwa kwamba ukishalijua jina la mmea umeshajua unafanya nini na nguvu yake. Hapana. HAPANA jamani. Tuchukue mpopi, Papaver somniferum, ambao Sertürner alitoa mofini ndani yake mwanzoni mwa karne ya 19. Kuna aina yake iliyopatikana Tasmania, ilielezwa mwaka 2004, badala ya kutengeneza mofini inaishia njiani kwenye thebaini na oripavini. Spishi ileile, rbcL ileile, kipimo changu kingesema Papaver na kunyamaza, huku kemia ndani ni mbingu na ardhi. Na mranaha, yaani Datura, ni mbaya zaidi, sumu zake skopolamini na hayosiamini zinapanda na kushuka kutoka mche hadi mche, jani hadi mbegu, na kati ya kuchanganyikiwa na kufa nafasi ni ndogo mno. Hiyo hali ya Datura watu wanaiita maono, sio maono, ni ubongo umezuiwa asetilikolini yake, kemikali ya kupashana habari, mtu anaongea na asiyekuwepo, kesho hakumbuki, moyo unakimbia, joto linapanda. Kijitabu kina sura nzima ya mimea inayobadilisha fahamu na imeandikwa kwa heshima, hawakuifanya tangazo, nawapa hongera, lakini wangeongeza tu kwamba jina sio dozi. Albert Hofmann alikuwa mkemia, anajua kilichoko kwenye kichupa chake hadi atomu ya mwisho, na Aprili 19, 1943 akameza robo ya miligramu ya LSD, dawa ya kubadilisha fahamu, akiamini ni kiasi kidogo cha tahadhari, ikamzidi. Kama mwenye jina kamili la molekuli alikosea kiasi, sisi wenye jina la jenasi tu tutulie.

Sehemu ya pili, bakteria. Hii nitaipitia haraka kwa sababu kazi yenyewe ni fupi. Unapewa E. coli dhaifu wa maabara, plazimidi (kiduara cha DNA) yenye jeni ya protini ya kijani kutoka kwa yavuyavu Aequorea victoria, ile aliyoigundua Shimomura 1962, na sahani zenye antibayotiki. Unawaweka bakteria kwenye barafu na kloridi ya kalsiamu, unawapa joto la ghafla nyuzi 42 kwa sekunde 45, unawarudisha barafuni, unawalisha, unawapaka. Walioipokea plazimidi wanaishi kwa kuwa inabeba pia jeni ya kukataa antibayotiki, wengine wanakufa. Mara ya kwanza sikupata hata mmoja, bakteria walifika vuguvugu, barafu yote imeyeyuka njiani, niliwaandikia wakatuma nyingine bila mabishano. Mara ya pili nikawasha taa ya bluu gizani na kukawa na nukta za kijani 30 na kitu. Nilikaa nikiziangalia muda mrefu. Jeni ya mnyama wa baharini inasomwa na bakteria kama vile ni yake, kwa sababu lugha ni moja.

Na hapo ndo sehemu mbili za boksi zilipokutana kichwani mwangu. Kama bakteria anaisoma jeni ya yavuyavu, basi hamira inaweza kuzisoma jeni za mmea dawa, na ndivyo ilivyofanyika. Kundi la Jay Keasling California 2006 waliifanya hamira itengeneze asidi ya artemisiniki, hatua chache kabla ya artemisinini, ile dawa ya malaria ambayo Tu Youyou aliitoa kwenye Artemisia annua mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya kugundua joto ndo lilikuwa linaiharibu, akatumia etha. Christina Smolke na wenzake Stanford 2015 wakaweka jeni zaidi ya 20 kutoka mimea, bakteria na hata panya ndani ya hamira, ikatoa thebaini, na hamira nyingine ikatoa haidrokodoni, dawa ya maumivu. Watu waliogopa kila mtu atapika afyuni jikoni. Kiasi kilikuwa kidogo hivi kwamba dozi moja ya maumivu ingehitaji zaidi ya galoni 4,000 za hamira. 2020 kundi hilohilo likapata skopolamini. Ninapowaza kwamba mmea ulichukua mamilioni ya miaka kupanga vile vimeng'enya mfululizo kama wapiga ngoma wanaopokezana, na mtu akalazimika kuweka jeni zaidi ya 20 kuurudia wimbo kwa sauti ya chini sana, heshima yangu kwa kile chungu cha dirishani inapanda, haishuki.

Onyo kwenye hii sehemu ya pili. Maelekezo ya kutupa bakteria yako ukurasa wa mwisho kabisa, yalitakiwa yawe wa kwanza. Loweka kila kitu kwenye dawa ya klorini nusu saa kabla ya kutupa, wale bakteria wanabeba jeni ya kukataa antibayotiki, usiwamwage sinki. Usifanyie panapoandaliwa chakula, na pipeti za hapa zisirudi kwenye kazi nyingine ya jikoni hata zikioshwa. Na uliza sheria ya nchi yako kabla ya kuagiza, kwa mfano Ujerumani kubadilisha jeni za viumbe nje ya maabara yenye kibali hairuhusiwi, 2017 mamlaka yao ilitoa tahadhari kuhusu maboksi haya haya. Sehemu ya kwanza ya kusoma DNA haina shida hiyo kwa sababu hubadilishi kiumbe chochote, na wengine wanaiuza peke yake, kama nia yako ni mimea chukua hiyo.

Kwa ujumla mi nimeipa nyota nne. Ile moja niliyoshika ni ya kijitabu, wakirekebisha ule ukurasa wa nguvu na wakaongeza matK nitawarudishia.

Nimebakiwa na reaksheni tatu. Moja ni ya miche mipya ya Scutellaria niliyoianzisha kwa mbegu za chanzo kingine, imefika majani sita sasa na sijaonja hata moja. Mbili nimezitenga kwa anisi ya nyota, japo ni spishi ndugu na rbcL inaweza kuzichanganya, maana Illicium verum ya chai na Illicium anisatum yenye sumu ya kuleta degedege zikishakauka zinafanana, dada ameniletea punje za mifuko miwili tofauti na ameniambia niziandike A na B, yeye anajua zipi ni zipi na haniambii mpaka faili lirudi.